Taya la Mfalme na Taya la Mfanyakazi: Nani Huandikiwa Maumivu Yake?

Msomaji aliyezoea kukuta hapa mijadala ya katiba, bajeti na ajira huenda akashangaa kwamba safari hii mada ni jino bovu: jino lililooza, likang'olewa, na baada ya kung'olewa likaacha tundu lisilopona katika taya. Hata hivyo, jeraha hilo dogo lina historia ndefu, na historia hiyo ina mengi ya kutufundisha kuhusu dola, kazi na wajibu wa kutunza kumbukumbu. Nitalifuatilia kwa wagonjwa wa aina mbili. Wa kwanza ni Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, katika mwaka 1685. Wa pili ni wafanyakazi wa viwanda vya viberiti vya mashariki ya London katika miaka ya mwisho ya karne ya 19.

Hoja yangu ni hii. Mfalme alikuwa na waandishi wa kutosha, lakini matabibu wake hawakuwa na elimu ya kutosha. Wafanyakazi wa viberiti waliishi katika zama ambazo elimu ilikwishapatikana, lakini hakuna aliyelazimika kuandika habari zao. Mfalme aliumia kwa sababu ya ujinga wa wakati wake. Wafanyakazi waliumia kwa sababu ya ukimya uliopangwa. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni ya kisiasa, na ndiyo inayotuhusu sisi.

Mfupa ulio juu ya jino

Kwanza tuelewe mwili wenyewe. Ndani ya mfupa wa taya la juu, chini ya jicho na kando ya pua, kuna uwazi uliojaa hewa. Upo mmoja kila upande, na kila mmoja hufunguka ndani ya pua kwa njia nyembamba. Matabibu huuita sinasi ya taya. Mizizi ya magego ya juu hufika karibu sana na sakafu ya uwazi huo. Kwa baadhi ya watu kilichopo kati ya mzizi na uwazi ni mfupa mwembamba kama ganda la yai. Kwa wengine ni utando tu.

Kwa hiyo gego la juu likioza na kutunga usaha, maradhi yanaweza kupanda hadi ndani ya sinasi. Tena gego hilo liking'olewa kwa nguvu, au mizizi yake ikiwa imeshikamana na mfupa, sakafu inaweza kuvunjika na kuacha njia ya wazi kati ya kinywa na pua. Dalili zake hazifichiki: mtu akinywa maji, hutokea puani, pua hutoa uchafu wenye harufu mbaya upande mmoja, shavu huuma na kichwa huwa kizito. Tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe. Tundu kubwa huhitaji kufungwa na mganga wa meno kwa upasuaji, na usaha ulio ndani sharti utibiwe kwanza.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1651 tabibu Mwingereza Nathaniel Highmore alichapisha kitabu cha maumbile ya mwili ambamo aliueleza uwazi huo kwa undani, hata kwa muda mrefu ukaitwa kwa jina lake. Humo alisimulia habari za bibi mmoja aliyeng'olewa chonge, kisha usaha ukawa hauishi kutoka kwenye tundu. Bibi huyo aliingiza unyoya ndani ya tundu ili apime kina chake. Unyoya ulipozidi kuzama, alishikwa na hofu kwamba umefika kwenye ubongo. Highmore alimtuliza kwa kumweleza kwamba unyoya ulikuwa ukijikunja ndani ya uwazi wa kawaida ambao kila binadamu anao.

Tundu katika taya la mfalme

Miaka zaidi ya 30 baadaye, jeraha la namna hiyo lilimpata mtu mwenye nguvu kuliko wote Ulaya. Louis XIV alizaliwa mwaka 1638 na alirithi kiti cha ufalme mwaka 1643. Alipofika umri wa miaka 40 na zaidi, meno yake yalikuwa yameoza vibaya. Magego ya upande wa kushoto wa taya la juu yaling'olewa, na katika kung'olewa huko kipande cha taya kikavunjika na kutoka pamoja na meno. Kilichobaki ni tundu katika kaakaa. Kila mfalme aliponywa au kusukutua, sehemu ya kinywaji ilipanda na kumwagika puani. Usaha ulitoka, na harufu yake haikuweza kufichwa na manukato ya Versailles.

Tunayajua haya yote kwa sababu yaliandikwa. Tangu mwaka 1647 hadi 1711 matabibu wakuu watatu waliofuatana, Vallot, Daquin na Fagon, walitunza daftari la afya ya mfalme. Humo waliandika homa zake, chakula chake, dawa za kuharisha alizopewa, usingizi wake na hata choo chake. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 1862, na leo mwanafunzi yeyote anaweza kulisoma. Daquin ndiye aliyeandika habari za taya, na ndiye aliyeandika pia tiba iliyochaguliwa mwanzoni mwa mwaka 1685. Tiba hiyo ilikuwa chuma cha moto. Mng'oa meno aliyeitwa Dubois alichoma kingo za tundu mara 14, ili nyama ichubuke, iungane na kufunga njia. Daquin anaeleza kwamba aliyechoma alionekana kuchoka kuliko aliyechomwa. Mfalme hakupewa dawa ya usingizi, kwa kuwa dawa ya namna hiyo haikuwepo. Hatimaye tundu lilifunga, na vinywaji vikaacha kumtoka puani.

Tukitazama kwa macho ya leo, matabibu hawakuwa watu wabaya. Walifanya walichokijua, nao walikijua kidogo. Hawakuwa na habari ya vijidudu vinavyoleta usaha, wala hawakuwa na picha za kuonyesha mizizi ya meno kabla ya kung'oa. Kazi ya kung'oa meno ilikuwa mikononi mwa mafundi waliojifunza kwa vitendo. Mtawala aliyeweza kuamuru majeshi yavuke mito hakuweza kuamuru taya lake lipone. Picha yake maarufu iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701 inamwonyesha akiwa amevaa joho la kifalme, miguu yake imenyooka kama ya kijana. Lakini mashavu yamebonyea ndani, kama yalivyo mashavu ya mtu asiye na magego.

Hapa yafaa kutahadhari. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 1685, Louis XIV alifuta Amri ya Nantes ya mwaka 1598 iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa uhuru fulani wa kuabudu. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 200,000 walikimbia nchi. Wapo wanaopenda kuunganisha mambo hayo mawili na kudai kwamba maumivu ya kinywa ndiyo yaliyomfanya mfalme awe mkali. Hoja hiyo ni dhaifu. Tangu mwaka 1681 askari walikuwa wakipelekwa kukaa ndani ya nyumba za Waprotestanti ili kuwalazimisha waache imani yao. Sera ilikuwa imeanza zamani, ikiwa na washauri wake, sheria zake na bajeti yake. Jino bovu haliwezi kubeba lawama ya dola.

Jambo la kuzingatia ni lingine. Kwa nini daftari lile lilitunzwa kwa miaka zaidi ya 60? Kwa sababu mwili wa mfalme ulihesabiwa kuwa ni jambo la serikali. Homa yake ingeweza kubadilisha vita, na kifo chake kingeweza kubadilisha ramani. Kwa hiyo alikuwepo mtu mwenye cheo, mshahara na wajibu wa kuandika. Mkulima wa Ufaransa aliyeng'olewa jino na kinyozi sokoni, naye akavunjika taya, hakuwa na daftari. Hatujui walikuwa wangapi, na hatutajua kamwe.

Fosforasi ndani ya kiberiti

Sasa tusogee mbele hadi karne ya 19. Neno letu kiberiti limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni salfa, yaani madini ya manjano yawakayo. Lakini kiberiti kilichoenea duniani tangu miaka ya 1830 hakikutegemea salfa peke yake. Kichwa cha njiti kilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe, kitu kinachowaka upesi kikisuguliwa popote: ukutani, kwenye jiwe, hata kwenye soli ya kiatu. Kilikuwa rahisi na cha bei nafuu, na watu walikipenda.

Mvuke wa fosforasi hiyo ulikuwa sumu kwa waliochanganya dawa, waliochovya njiti na waliozipanga katika vibweta. Sumu ilijenga makao katika taya. Ugonjwa ulianza kama maumivu ya kawaida ya jino. Ufizi ulivimba. Mgonjwa alikwenda kung'olewa jino akitumaini kupata nafuu, lakini tundu halikufunga. Usaha wenye harufu kali ulianza kutoka, baadaye ukatoboa njia hadi nje ya shavu. Vipande vya mfupa uliokufa vilitoka kimoja baada ya kimoja. Ugonjwa ulipokuwa katika taya la juu, uliweza kuingia ndani ya sinasi na kusonga hadi karibu na jicho. Mara nyingi tiba pekee ilikuwa kulikata taya lenyewe. Inakadiriwa kwamba mmoja kati ya wagonjwa watano alikufa. Waliopona walibaki na nyuso zilizoharibika, na wengi waliepukwa na jirani zao kwa sababu ya harufu.

Msomaji ataona kufanana na habari za mfalme: jino bovu, kung'olewa, tundu lisilopona, taya lililovunjika, usaha na harufu. Lakini kuna tofauti kubwa. Mwaka 1845 tabibu Lorinser wa Vienna alichapisha maelezo ya ugonjwa huu na kuuhusisha na mvuke wa fosforasi. Kuanzia hapo hakuna mwenye kiwanda aliyeweza kudai kwamba chanzo ni fumbo.

Zaidi ya hayo, badala ya fosforasi nyeupe ilikuwepo. Fosforasi nyekundu haina sumu ya aina ile. Huko Sweden ndugu wawili wa ukoo wa Lundström walitengeneza kiberiti cha usalama, ambacho njiti yake huwaka tu ikisuguliwa kwenye ubavu wa kibweta, kama viberiti tunavyotumia leo. Mwaka 1855 kampuni ya Bryant & May ya London ilinunua haki ya kukitengeneza Uingereza, na ikakitengeneza. Lakini kiberiti cha kuwaka popote kilikuwa nafuu na kiliuzika zaidi. Kampuni ikaendelea kutengeneza vyote viwili kwa miaka mingine zaidi ya 40. Tangu hapo kutumia sumu kulikuwa ni uamuzi wa hesabu za biashara.

Mgomo wa 1888 na jambo lililobaki

Wanaharakati wengi wanaujua mgomo wa wasichana wa viberiti. Tarehe 23 Juni 1888 Annie Besant, mwandishi na mjamaa, alichapisha makala kuhusu hali ya wafanyakazi wa Bryant & May. Alieleza habari za msichana wa miaka 16 aliyelipwa shilingi 4 kwa wiki, na akalinganisha ujira huo na gawio la wenye hisa lililozidi asilimia 20. Alieleza pia faini zilizokatwa kwa miguu michafu, meza isiyopangwa au maneno kazini. Kampuni ilitaka wafanyakazi wakanushe makala hiyo. Walikataa, na mwanzoni mwa Julai wanawake na wasichana wapatao 1,400 waliacha kazi. Kabla ya mwezi huo kwisha walikuwa wameshinda. Faini ziliondolewa, chama cha wafanyakazi kikaundwa, na wakaahidiwa chumba cha kulia chakula mbali na mahali pa kazi.

Sharti hilo la mwisho ni muhimu. Wafanyakazi walikuwa wakila mkate wao mezani palepale penye fosforasi, na sumu ikaingia kinywani pamoja na chakula. Lakini mgomo wenyewe ulihusu zaidi ujira, faini na kufukuzwa kazi. Fosforasi nyeupe haikuondolewa. Wafanyakazi walirudi kazini wakiwa na chama na ujira bora kidogo, nayo sumu ikabaki mahali pake. Huu si ushahidi kwamba mgomo ulishindwa. Ni ushahidi kwamba ugonjwa usioonekana katika kumbukumbu ni vigumu kuwekwa mezani wakati wa majadiliano. Ujira unahesabika kila Ijumaa. Taya linaloanza kuoza baada ya miaka 5 ya kazi halina mahali pa kuandikwa.

Tena kulikuwa na sababu ya mfanyakazi mwenyewe kunyamaza. Aliyelalamika kwamba jino linamuuma aliweza kutakiwa aling'oe mara moja au aache kazi. Kwa hiyo alivumilia, akafunga shavu kwa kitambaa, akaendelea kupanga njiti. Kwa mwenye kiwanda ukimya huo ulikuwa na faida. Asiyelalamika hahesabiwi kuwa mgonjwa.

Mwaka 1891 Jeshi la Wokovu lilifungua kiwanda chake cha viberiti katika mtaa uleule wa mashariki ya London, likatumia fosforasi nyekundu na kulipa ujira wa juu kidogo. Kiwanda hicho hakikudumu, kwa kuwa viberiti vyake vilikuwa ghali. Hata hivyo kilithibitisha hadharani kwamba kiberiti kinaweza kutengenezwa bila kuharibu taya la mtu. Vilevile kilithibitisha kwamba dhamiri ya mwajiri mmoja haitoshi pale ambapo washindani wake wanaruhusiwa kuuza kwa bei ya sumu.

Wagonjwa 17 na faini ya pauni 25

Badiliko lililokata mizizi ya ukimya lilikuja kwa njia ambayo haina shangwe za mgomo. Sheria ya Viwanda na Karakana ya mwaka 1895 ilimlazimu mwajiri na tabibu kutoa taarifa serikalini kila mfanyakazi anapopatwa na sumu ya risasi, fosforasi au aseniki, au ugonjwa wa kimeta. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kiwandani alipata kitu kilichofanana kwa mbali na daftari la Versailles: mtu aliyewajibika kisheria kuandika.

Bryant & May hawakuandika. Mwaka 1898 ilibainika kwamba kampuni ilikuwa imeficha wagonjwa 17 wa taya, na kati yao 6 walikuwa wamekufa. Ikashitakiwa, ikapatikana na hatia, na ikatozwa pamoja na gharama za kesi pauni 25 na shilingi 9. Tugawanye wenyewe: ni kama pauni moja na nusu kwa kila mgonjwa aliyefichwa.

Faini hiyo ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha, lakini matokeo yake hayakuwa madogo. Jambo lililokuwa uvumi wa mitaani sasa lilikuwa katika kumbukumbu za mahakama, likiwa na idadi na jina la kampuni. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iliagiza uchunguzi wa wataalamu watatu: mkemia Thorpe, tabibu Oliver na mganga wa meno Cunningham. Ripoti yao ilitoka mwaka 1899. Kanuni mpya zikadai uchunguzi wa meno wa mara kwa mara kwa wafanyakazi wanaogusa fosforasi. Kufikia mwaka 1901 kampuni ilikuwa imeacha kutumia fosforasi nyeupe. Mwaka 1908 Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku viberiti vya fosforasi nyeupe, ikaanza kutumika mwaka 1910.

Tazama mpangilio wa miaka. Kutoka maelezo ya Lorinser hadi sheria ya kutoa taarifa ni miaka 50. Kutoka sheria ya kutoa taarifa hadi sheria ya marufuku ni miaka 13. Sidai kwamba taarifa peke yake ilileta marufuku. Mgomo, magazeti, ushindani wa kemikali mpya na shinikizo la mataifa mengine vilikuwa na sehemu yake. Lakini elimu ya tabibu ilikaa vitabuni nusu karne bila kuizuia biashara, na ilianza kuwa na nguvu pale ilipounganishwa na orodha ya wagonjwa.

Marekani inatoa ushahidi wa namna hiyohiyo. Wenye viwanda huko walishikilia kwamba viwanda vyao ni safi na kwamba ugonjwa huo ni wa Ulaya. Mwaka 1910 mtafiti John B. Andrews alitoa ripoti baada ya kuzungukia viwanda na kuwatafuta wagonjwa, akaonyesha kesi zaidi ya 100. Mwaka 1912 Bunge la nchi hiyo liliviwekea viberiti vya fosforasi nyeupe kodi nzito iliyovifanya visiuzike. Ugonjwa uliodaiwa kuwa haupo ulikuwepo muda wote. Aliyekosekana ni wa kuuhesabu.

Kutoka Bern hadi kwetu

Nchi ambayo ingepiga marufuku peke yake iliogopa kuingiziwa viberiti vya bei nafuu kutoka kwa jirani. Finland ilikuwa imetangulia mwaka 1872 na Denmark mwaka 1874, lakini wengi walisita. Ndiyo maana mwaka 1906 mataifa kadhaa ya Ulaya yalikutana Bern, Uswisi, na kutia saini mkataba wa kupiga marufuku utengenezaji, uingizaji na uuzaji wa viberiti hivyo. Huo ni kati ya mikataba ya kwanza kabisa ya kimataifa ya kulinda afya ya mfanyakazi. Shirika la Kazi Duniani lilipofanya mkutano wake wa kwanza mwaka 1919, mojawapo ya mapendekezo yake ilikuwa kuzitaka nchi wanachama ziungane na mkataba wa Bern.

Sheria hizi zinatuhusu kwa nasaba. Utaratibu wa Kiingereza wa ukaguzi wa viwanda na wa kutoa taarifa za magonjwa ya kazi ulivuka bahari pamoja na utawala wa kikoloni. Tanganyika ilipata Sheria ya Viwanda mwaka 1950, na sheria hiyo ikaendelea kutumika muda mrefu baada ya uhuru, hadi ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mwaka 2008 ikafuata Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Kenya ilitunga sheria zake mbili za namna hiyo mwaka 2007. Katika zote hizo, wajibu wa kutoa taarifa ya ugonjwa unaotokana na kazi umo. Maandishi tunayo.

Maandishi hayo yanategemea mtu. Yanategemea tabibu wa zahanati ambaye, anapomwona mgonjwa mwenye kifua kibaya, anamuuliza anafanya kazi gani na wapi, kisha anaandika jibu. Yanategemea mkaguzi ambaye hatosheki na daftari safi lisilo na mgonjwa hata mmoja, bali analitilia shaka. Yanategemea pia mfanyakazi mwenye hakika kwamba akisema anaumwa hatafukuzwa. Kibarua wa siku, mchimbaji mdogo wa dhahabu anayeshika zebaki kwa mikono mitupu na mnyunyizaji wa dawa shambani mara nyingi hawamo katika orodha yoyote ya mwajiri. Hao ndio wanaokaribia zaidi hali ya msichana wa viberiti aliyefunga shavu kwa kitambaa.

Ugonjwa uliorudi kwa mlango mwingine

Kuna sehemu ya mwisho ya historia hii ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2003 mpasuaji wa taya Robert Marx wa Marekani alitoa taarifa katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa 36 waliokuwa na mifupa ya taya iliyokufa. Wengi wao walikuwa wameng'olewa jino, na tundu halikupona. Hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda chochote. Walikuwa wagonjwa, wengi wao wa saratani, waliotibiwa kwa dawa za kundi la bisfosfoneti zinazoimarisha mifupa, dawa ambazo ndani yake kuna fosforasi katika umbo jingine. Waganga waliosoma historia walitambua sura ya ugonjwa wa zamani.

Safari hii mwendo ulikuwa tofauti. Waganga wa nchi nyingine walitoa taarifa za wagonjwa wao. Maonyo yakaongezwa katika maelezo ya dawa. Leo mgonjwa anayekaribia kuanza dawa hizo hushauriwa apimwe meno kwanza, na meno yasiyofaa yang'olewe kabla ya tiba kuanza. Dawa zenyewe zinaendelea kutumika, kwa sababu faida yake kwa wanaozihitaji ni kubwa. Kilichobadilika ni kwamba hatari imejulikana na inaepukwa. Lorinser alihitaji nusu karne ili maneno yake yawe sheria. Hapa ilitosha miaka michache, kwa kuwa mfumo wa kutoa taarifa ulikuwepo na waliougua walikuwa wagonjwa wa hospitali wenye mafaili.

Neno kwa wanaohusika

Kwa wanafunzi wa historia: mnaposoma kumbukumbu za zamani, jiulizeni nani alilipwa ili aandike, na kwa ajili ya nani. Nyaraka hazisambai sawasawa juu ya watu wote. Tunajua ni mara ngapi taya la Louis XIV lilichomwa kwa chuma cha moto, lakini hatujui majina ya wengi waliokufa kwa fosforasi katika mji uliokuwa na magazeti mengi. Pengo hilo lenyewe ni ushahidi, na lapasa kusomwa kama ushahidi.

Kwa wanaharakati: daini ujira, na pamoja na ujira daini daftari. Makubaliano ya hiari yasiyosema nani ataandika wagonjwa, nani ataruhusiwa kulisoma daftari na nini kitampata atakayeficha, yataacha sumu mahali ilipo, kama yalivyoiacha makubaliano ya 1888.

Kwa watumishi wa umma: fomu ya taarifa ya ugonjwa wa kazi inachosha, nayo mara nyingi hufika mezani wakati wa saa za mwisho za siku. Lakini katika historia ya viberiti, fomu hiyo ndiyo iliyofanya kazi ambayo huruma ya miaka 50 haikuifanya. Mtumishi anayeijaza kwa uaminifu anamfanyia mfanyakazi asiyemjua kile ambacho matabibu wa Versailles walimfanyia mfalme wao: anatangaza kwamba mwili huu una thamani kwa dola. Tofauti ni kwamba sasa tunajua pia namna ya kuuponya.